Pazia la Mpika Udi

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit, ule mji wa kale uliokuwa baina ya Kufa na Basra, mto Dijla ukipita ubavuni mwake, aliishi mwanamke mchamungu aliyeitwa Bi Lubaba. Kazi yake ilikuwa kupika udi. Kila Ijumaa, kabla ya adhana, udi wake ndio uliofukizwa katika msikiti mkuu, upande wa wanaume na upande wa wanawake, na watu walizoea kusema kwamba Ijumaa haijawa Ijumaa mpaka udi wa Bi Lubaba umepita.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake, na ilikuwa na nyumba yake. Mja mwema mmoja wa zamani aliweka wakfu nyumba ndogo nyuma ya msikiti, akasharutisha kwamba akae humo mpika udi wa msikiti, maadamu anaupika. Akiacha kuupika, ampishe mwingine. Bi Lubaba alikuwa mjane, hana mtoto, hana ndugu aliyebaki. Aliingia katika nyumba ile akiwa msichana, kumtumikia shangazi yake Bi Raita, mpika udi wa kabla yake. Na ndimo alimotarajia kutolewa kwa jeneza.

Sasa, asije mtu akadhani kwamba kupika udi ni kutia tu vitu vinavyonukia ndani ya sufuria na kukoroga. Vipande vya udi hutwangwa, vikarowekwa marashi, vikapikwa na sandali na sukari juu ya moto mdogo. Kisha huja kipimo cha mwisho: ambari kidogo, miski kidogo, na zabadi, yale mafuta mazito ya fungo, chembe tu. Hapo ndipo pua inapohitajika, na pua ni kiumbe dhaifu. Ikinusa sana hulewa, haipambanui tena kizuri na kibaya. Kwa sababu hiyo wapika udi wa Wasit walikuwa na desturi ya kujifunga mkononi kishada cha sufi ya kondoo, sufi isiyooshwa. Pua ikichoka, mtu hunusa sufi yake, pua ikasuuzika, akarudi kazini.

Na kipimo cha mwisho Bi Lubaba alikifanya nyuma ya pazia.

Pazia lile alilirithi kwa shangazi yake, la kitambaa kizito cha kijani, limekatiza chumba cha kazi kati na kati. Mbele ya pazia alikaa mwanafunzi wake, Unaisa. Huyu alikuwa binti yatima wa mkulima wa mitende, Bi Lubaba alimchukua mdogo akamlea, akampenda mapenzi ya mama kwa mwana. Alimlisha, alimvisha, alimfunza Kurani na adabu. Alimfunza kutwanga, kuroweka, kupika. Ila kuvuka pazia, hapana.

"Mama," Unaisa alikuwa akisema, "leo nije nione?"

"Bado, mwanangu."

"Mwaka jana pia ilikuwa bado."

"Na mwaka huu ni bado. Twanga, acha maneno."

Unaisa hutwanga. Msichana akawa mwanamke, nywele nyeupe ya kwanza ikamchungulia kwenye paji la uso, naye yu mbele ya pazia lile lile, kinu kile kile, akiambiwa bado. Hivi ni nani aliyetufundisha kwamba adabu ya mwanafunzi ni kuzeeka akingojea? Bi Raita alimfanyia hivyo Bi Lubaba, naye Bi Lubaba alilia sana katika ujana wake kwa jambo hilo. Kipimo hakukipata kwa shangazi yake hata siku moja. Bi Raita alikufa nacho, na Bi Lubaba akajitafutia mwenyewe, kwa kukosea na kumwaga, kwa aibu na machozi. Ungedhani mtu aliyeonja uchungu ule asingemwonjesha mwenzake. Lakini ndani ya moyo wake lilikaa neno ambalo hakuthubutu kulitamka hata katika sijida: siku nitakayomwonyesha, mimi nitakuwa wa nini?

Ikawa majira ya baridi, mto ukafura, maji yakaingia msikitini mpaka kwenye mihrabu. Watu wakahamia kusali uwanjani, na Bi Lubaba akashikwa na homa iliyomlaza kwa muda mrefu. Unaisa alimuuguza. Alimnywesha uji kwa kijiko, akamkanda miguu, akamsomea. Homa ikaondoka, sifa njema zote ni za Mola. Ila haikuondoka mikono mitupu.

Bi Lubaba aligundua siku moja asubuhi, yuko jikoni, ameketi karibu kabisa na tanuri, anavuta uradi wake. Ghafla akasikia kelele ukutani.

"Lubaba! We Lubaba! Unaichoma nyumba ya wakfu?"

Alikuwa Bi Jumana, jirani yake, mwanamke mwema mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Bi Lubaba akageuka. Moshi ulikuwa umejaa jiko, na mkate ndani ya tanuri umekuwa mkaa. Alikuwa amekaa kando yake muda wote ule, hakusikia harufu.

"Nimesinzia!" akajibu.

"Usinzie kitandani, mwenzangu, si mdomoni mwa tanuri!"

Bi Jumana alipoondoka, Bi Lubaba alichukua chupa ya marashi, akaifungua, akainusa. Maji matupu. Akachukua miski. Mchanga. Akachukua kishada cha sufi kilichokuwa mkononi mwake, akakibana puani kwa mikono miwili kama mtu anayezama anavyokamata kamba, na hakusikia kitu. Akakaa chini. Akasema, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun," kwa sauti ndogo, asije Unaisa akasikia.

Wala hakumwambia. Alijisemea: itarudi. Alijisemea: mikono yangu inakijua kipimo, pua ya nini? Na alijisemea jambo la tatu, ambalo ndilo lililokuwa la kweli: wakijua, nitatoka humu nikaishi wapi?

Siku zikapita. Maji yakashuka, watu wakaufagia msikiti wao na kuukausha, ikatangazwa kwamba Ijumaa itakayofuata swala itarudi ndani. Shekhe Mundhir, imamu wa msikiti, mzee mpole, alimtumia Bi Lubaba salamu kwamba mji mzima unausubiri udi wake. Lakini Bi Jumana hakuja na salamu tu, alikuja na habari.

"Wazee wanazungumza, Lubaba. Wanasema umeugua sana, huenda kazi imekushinda. Wanasema watausikia udi wa Ijumaa hii, halafu waamue."

"Waamue nini?"

"Sasa mimi nijue nini mambo ya wazee? Wewe pika. Pika uwanyamazishe."

Alhamisi asubuhi Bi Lubaba aliingia nyuma ya pazia na kusoma Bismillahi. Alipima ambari kwa jicho. Alipima miski kwa ncha ya kidole. Akafungua kijichupa cha zabadi, kilichokuwa kimekaa bila kuguswa tangu kabla ya mafuriko. Rangi yake ilikuwa ile ile, uzito wake ule ule. Akatia. Akakanda, akaweka kipande kidogo juu ya kaa la moto kwa kujaribu, kama desturi, akainamia moshi. Macho yalimuwasha. Zaidi ya hapo, hakuna.

Akatoka mbele ya pazia na tabasamu alilokuwa ameliandaa.

"Alhamdulillahi. Umekwisha. Umeusikia?"

Unaisa alikuwa ameshika mchi, hatwangi. Alimtazama mwalimu wake usoni, kisha mkononi, mahali ambapo kishada cha sufi kilikuwa kikikaa miaka yote. Hakikuwapo. Bi Lubaba alikuwa ameacha kukifunga, kwa kuwa hakikuwa na kazi tena.

"Nimeusikia, Mama," akasema taratibu.

"Unaonaje?"

Swali hilo hakuwahi kumuuliza maisha yake yote.

Unaisa akakohoa kidogo. "Nenda kapumzike, Mama. Umesimama tangu alfajiri. Kukausha na kufunga nitafanya mimi."

Bi Lubaba alikwenda kulala, akashukuru kwamba mwanafunzi wake hana maneno mengi siku hiyo.

Ijumaa ikafika. Msikiti ulijaa mpaka ngazini. Vyetezo vilipoanza kupita upande wa wanawake, Bi Lubaba alikaa safu ya kwanza, ameinamisha kichwa, akasikia mnong'ono ukienda safu kwa safu nyuma yake. Alijua. Wamejua. Kisha akasikia kilio, bibi kizee mmoja analia kwa sauti ya chini, na mwingine anasema "Allah, Allah". Hakuthubutu kugeuka. Alisali swala ile na jasho linamtiririka mgongoni.

Baada ya kutoa salamu, wanawake walimvamia. Walimshika mikono, walimbusu bega, mmoja akafuta machozi yake mwenyewe kwa mtandio wa Bi Lubaba.

"Lubaba, leo umetumaliza!" alisema Bi Jumana. "Udi wako nauvuta tangu sijaolewa, lakini huu wa leo! Ulikuwa umeuficha wapi?"

Bi Lubaba akamshika mkono. "Jumana. Umesikia nini ndani yake?"

"Nini tena? Si karara la mtende! Lile ganda linalofunika maua yake, wazee wetu wakilichemsha wakati wa kuchavusha. Nimefumba macho nikajiona niko shambani kwa baba, miguu imelowa umande. Yule bibi pale analia, anasema amemsikia mamake."

Bi Lubaba hakuwahi kutia karara la mtende ndani ya udi. Katika nyumba yao, karara lilikuwa likiletwa na mtu mmoja tu, aliyelikausha juu ya dari kwa kumkumbuka mama yake mkulima, na Bi Lubaba alikuwa akimkemea kwamba anajaza dari takataka.

Aligeuka taratibu. Unaisa alikuwa amekaa karibu na nguzo, anatazama vidole vya miguu yake.

Wakati ule ule sauti ya Shekhe Mundhir ilisikika kutoka upande wa pili wa kizuizi. "Bi Lubaba, Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako. Wazee wako hapa nami. Nikisema kweli, walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wao umekwisha. Wanasema kazi ni yako na nyumba ni yako mpaka Mola atakapokuita. Unasemaje?"

Tazama sasa mahali alipowekwa. Neno moja tu lilitakiwa, "Alhamdulillahi", neno jema lisilo na uongo ndani yake. Angelisema angekufa kitandani pake. Unaisa asingefungua kinywa, hilo alilijua kama anavyoijua Fatiha. Mwanafunzi angeendelea kupika mbele ya pazia, na mwalimu angeendelea kusifiwa nyuma yake. Mambo ya namna hii hutendeka kila siku, na wenye kuyatenda hulala usingizi mzuri. Aliyekanda hajulikani, aliyebeba sinia ndiye anayeombewa dua.

Bi Lubaba aliyaona yote hayo kwa pamoja. Aliuona mlango wa nyumba, aliiona tanuri yake, aliona mkeka wake wa swala pale dirishani. Kisha akaiona ile nywele nyeupe kwenye paji la uso la Unaisa, na ni kama hakuwahi kuiona kabla ya siku hiyo.

Akasimama.

"Shekhe," alisema. "Udi huu sikuupika mimi."

Wanawake wakageukiana, naye akaendelea.

"Tangu homa ile, sisikii harufu. Si ya udi, si ya moshi, si ya mkate wangu ukiungua. Jumana, siku ile sikusinzia. Nilikudanganya, unisamehe. Nimewadanganya nyote kwa kunyamaza kwangu. Aliyeupika ni huyu, Unaisa, ambaye nimemzuia kazi hii kwa miaka, si kwa upungufu wake, bali kwa hofu yangu. Kazi ni yake. Na nyumba, kwa sharti la aliyeiweka wakfu, ni yake."

Unaisa alikuwa amekwisha kumfikia, analia, amemshika kwa mikono yote miwili. "Mama, mimi ndiye niliyekosea. Niliumwaga ule wako bila ruhusa, nikapika mwingine usiku kwa kuifuata pua yangu. Niwie radhi, Mama."

"Uliumwaga?"

"Zabadi ilikuwa imeoza, Mama."

"Ulinuka sana?"

Unaisa akasita. Adabu ilimvuta huku na ukweli huku. "Mama… ulinuka kama beberu aliyenyeshewa."

Bi Lubaba akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, machozi yakimtoka, na wanawake nao wakaachia. Hata upande wa wanaume vilisikika vikohozi vya watu wazima wanaojikaza.

Cheko lilipotulia, Shekhe Mundhir alisema, na ilisikika kwamba naye amelia, "Bi Lubaba, leo umetufukizia. Ule wa kwenye chetezo ni wa mwanao. Huu wa sasa ni wako, na nataraji umefika mbali zaidi."

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Mlangoni Bi Lubaba akasimama nje, hakuvuka kizingiti.

"Ingia, Mama."

"Nyumba ni yako. Mgeni hukaribishwa."

"Basi karibu," Unaisa akasema, "na ukishakaribia, usinitie wazimu. Tulipolala jana ndipo tutakapolala leo. Aliyeweka wakfu alisema akae mpika udi. Hakusema mpika udi asikae na mamake."

Waliketi chumba cha kazi. Bi Lubaba akauliza lililokuwa likimkera. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Ungekuja tu ukasema, Mama umekosea."

Unaisa alipojibu, miaka yote ilitoka pamoja na maneno.

"Ningekuambiaje? Kila siku unaniambia bado. Mtu aliyeambiwa bado tangu hajavunja ungo, atapata wapi ulimi wa kumwambia mwalimu wake amekosea? Umri wangu umeishia katika hiyo bado, Mama. Wewe ukaniona nimenyamaza, ukadhani nasubiri. Nilikuwa nakauka."

Lilikuwa neno zito, na Bi Lubaba hakulikwepa. Alimvuta kichwa akakilaza mapajani pake, kama alivyokuwa akifanya zamani, akamsimulia habari za Bi Raita, na alivyolia mbele ya pazia lile akiwa na umri mdogo kuliko wake.

"Nilidhani riziki yangu iko puani mwangu," alisema. "Nikailinda pua. Siku Mola alipoichukua, nikaona nimekaa mbele yake mtupu, na riziki yangu imekaa mbele ya pazia, inatwanga. Laiti ningalijua haya nikiwa na umri wako. Ningalikuita siku ya kwanza uliyouliza. Na siku mkate ulipoungua ningalikuita pia, nikakuambia, njoo, siwezi, nisaidie. Si maneno mengi. Mbona yalinishinda?"

Akainuka, akalishika pazia la kijani kwa mikono yake iliyozeeka, akalivuta mpaka likaanguka. Vumbi likawapigisha chafya wote wawili. Baadaye walilikata wakashona mito ya kukalia, maana chumba kilikuja kuwa na wageni wengi.

Ndivyo walivyoishi. Bi Lubaba alimpa Unaisa kila alichokijua, hakubakisha, na Unaisa akamwonyesha kwamba katika vipimo vile viko alivyoweza kuviongeza. Wakaja wanawake wengine kujifunza, wakakaa juu ya ile mito. Pua haikurudi. Kila Ijumaa, udi ukiwekwa juu ya kaa, Bi Lubaba alikuwa akifumba macho na kuuliza, "Leo unanukaje?" Na Unaisa hakujibu kwa pupa. Angesema, "Leo kama kanzu ya mtoto iliyoanikwa juani." Au, "Leo kama mtu aliyerudi safari, yuko mlangoni, hajabisha." Bi Lubaba hutabasamu na kusema, "Nimeusikia."

Siku ya kufa kwake ilikuwa Alhamisi. Unaisa akaketi kutayarisha kafuri na manukato ya maiti, mikono haimtii. Karibu yake alikuwa Ghazala, mjane kijana aliyeanza kujifunza majuzi tu, akachungulia bakuli kwa woga.

"Bi Unaisa, kipimo hiki… naweza kukijua, au bado?"

Unaisa aliposikia neno lile akalia, kilio alichokuwa amekizuia tangu asubuhi. Kisha akafungua kishada cha sufi kilichokuwa mkononi mwake, akamfunga Ghazala, akalisogeza bakuli mbele yake.

"Njoo," akasema. "Anza kunusa wewe."

Ndugu yangu unayesoma, kazi uliyonayo umepewa, na iko siku utaondokewa nayo. Huenda ikawa kwa homa, huenda ikawa kwa uzee. Kabla ya siku hiyo, tazama ni nani amekaa mbele ya pazia lako, na kama wewe ndiye uliyekaa mbele yake, usidhani kila kunyamaza ni subira. Ewe Mola, tupe ulimi wa kusema "sijui" mapema, na moyo wa kusema "ni kazi ya mwenzangu" hadharani, na umpe Bi Lubaba huko aliko harufu ya Pepo, aisikie mwenyewe bila ya kumuuliza mtu. Amina.